Kaburi la Mkwawa ni lipi hasa, Mlambalasi au Kalenga? Na kwa nini hatuna jengo kama la Kasubi?

#1 Mkinga wa Mlandege

Wakuu, kamwene.

Mwaka 2009 nilikuwa Kampala kufuata mzigo wa viatu Kikuubo. Mzigo ukachelewa siku mbili, mwenyeji wangu akaona nisikae bure, akanipeleka Kasubi kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Sijawahi kuona nyumba ya namna ile tena. Kwa mbali unadhani ni kichuguu kikubwa cha nyasi. Paa linashuka mpaka chini, mlango umefunikwa na kivuli chake lenyewe. Unavua viatu, unaketi kwenye mkeka, unanyamaza. Nguzo zimevikwa nguo ya magome ya mti. Ukiinua macho unaona pete za matete zimezunguka paa kwa ndani, pete 52, moja kwa kila ukoo. Mbele yako pazia kubwa la magome, na wafalme wote wa Buganda wamelala nyuma ya pazia hilo.

Wiki iliyopita nimepeleka wanangu Kalenga. Tumepanda daladala hapa hapa Mlandege, kilomita kama 15 tu. Jengo la makumbusho ni dogo, la kawaida. Fuvu la Mtwa (yaani chifu mkuu wa Wahehe) Mkwawa limo kwenye sanduku la kioo, kuna mikuki, ngao na silaha nyingine, na nje kuna makaburi ya Chifu Sapi na Chifu Adam Sapi. Binti yangu wa darasa la sita akauliza, "Baba, na mwili wake uko wapi?" Nikamwambia Mlambalasi, kule alikouawa na Wajerumani. Akauliza tena, "Sasa kaburi lake ni lipi?"

Nimeshindwa kumjibu. Naomba mnisaidie. Kaburi ni lipi? Na kwa nini mtu aliyewasumbua Wajerumani miaka 7 hana nyumba ya kulala inayofanana na ukubwa wake?

#2 Chumvi ya Ipogolo

Uzi mzuri. Naweka kigoda hapa nisubiri wajuzi.

#3 Mwalimu wa Mafinga

Mkuu #1, nikusahihishe mawili kwa nia njema.

Kasubi hawakuzikwa wafalme wote wa Buganda. Wako wanne: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Waliowatangulia kila mmoja ana mahali pake. Na nyumba ile haikujengwa iwe kaburi. Mutesa wa Kwanza aliijenga 1882 iwe jumba lake la kuishi, alipofariki 1884 akazikwa humo humo. Ndiyo maana ina hadhi ya ikulu, kwa sababu ilikuwa ikulu.

La pili, Mkwawa hakuuawa na Wajerumani, na hili tuwafundishe watoto sawasawa. Baada ya Kalenga kuanguka alikaa porini karibu miaka minne. Kichwa chake kilitangaziwa rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amechoka, alijipiga risasi ili asikamatwe. Sajini Merkl na askari wake walifika wakakuta maiti. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa kambini Iringa. Kwa hiyo waliozika Mlambalasi walizika mwili usio na kichwa. Hilo ndilo jibu la kwa nini hakuna jumba: mtu aliyezikwa vitani, na nchi yake iko mikononi mwa adui, anajengewa na nani?

#4 Binti Nzihi

Mwalimu, sikubaliani na hiyo "anajengewa na nani". Kutoka 1898 mpaka leo ni zaidi ya miaka 120, na Wajerumani waliondoka zamani. Wajukuu wapo, serikali ipo.

Kuhusu swali la mtoto: kwetu ukiuliza wazee kaburi la Mtwa liko wapi, hawakuonyeshi Kalenga. Wanakuonyesha upande wa Mlambalasi, kwenye miamba. Kalenga wanasema "kwenye fuvu". Maneno yenyewe yanatenganisha.

#5 Fundi Uyole

Habari za jioni. Mimi ni mwashi, niko Mbeya, nitazungumzia ujenzi tu, historia nawaachia wengine.

Mkinga unalinganisha vitu viwili visivyo na mama mmoja. Nyumba ya Waganda ni ya mviringo na ya nyasi, uzuri wake wote uko kwenye paa. Nyumba ya Mhehe ni tembe. Tembe ni ndefu, ina pembe, kuta za miti na udongo, juu unalaza boriti, unapanga fito, unaweka nyasi kidogo halafu unashindilia udongo. Paa ni bapa. Ndani ni giza na baridi wakati wa jua kali, joto wakati wa kipupwe. Inafaa Iringa kwa sababu mvua ya Iringa mjini haifiki milimita 1,000 kwa mwaka. Peleka tembe Tukuyu ambako mvua inapita 2,000, utaamka umefukiwa na paa lako.

Sasa tembe ina tabia moja. Ukiihama, misimu michache ya mvua inarudi kuwa udongo. Hakuna gofu. Kwa hiyo mtu akisema "Wahehe hawakujenga", ninamwambia walijenga, ila vitu vyao vilimezwa na ardhi ile ile vilikotoka. Hata jumba la Kasubi, bila watu wa kuliezeka upya kila mara, lingekuwa limekwisha zamani. Kilichobaki pale ni utaratibu wa watu. Kuna ukoo wenye kazi ya kuezeka kaburi la mfalme, ni kazi yao ya kuzaliwa. Sisi nani ana kazi hiyo?

#6 Dada Makambako

Fundi umesema kweli. Nilisoma Kampala miaka mitatu. Ukoo wenyewe unaitwa Ngeye, ndio waezekaji wa jumba la mfalme.

Mkinga, nyumba uliyoiona 2009 iliungua. Tarehe 16 Machi 2010, usiku. Watu walilia barabarani kama wamefiwa siku ile ile. Ilikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, baada ya moto ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikajengwa upya, na 2023 ikatolewa kwenye hatari. Miaka 13 ya kujenga na kubishana jinsi ya kujenga.

Na tusidhani ile ya kabla ya moto ilikuwa nyasi na miti tupu. Kuanzia 1938 ilikarabatiwa, wakaingiza zege na chuma ndani, nguzo za kisasa zikavikwa magome. Upana wake ni mita 31, huwezi kucheza na paa la namna ile.

#7 Mkinga wa Mlandege

Dada #6, umenishtua. Nilisikia imeungua lakini sikujua imechukua miaka 13. Na zege ndani ya magome sikuijua kabisa, nilishika nguzo kwa mkono huu nikidhani ni mti.

Mwalimu asante kwa masahihisho. Nimemwita binti nikamweleza upya.

#8 Mngoni wa Peramiho

Watani zangu Wahehe, hamjambo? Tulipigana nanyi miaka ile mkashindwa kutumaliza, sasa nawakuta mnalia juu ya paa.

Niseme kwa moyo mweupe. Ninyi mna fuvu. Sisi Songea tuna kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa 1906 baada ya Maji Maji, tuna makumbusho, tuna sanamu, lakini Nduna Songea Mbano kichwa chake hakijulikani kiliko. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea, akaomba radhi na akaahidi kusaidia kukitafuta. Ninyi mnauliza mjenge nini juu ya kitu mlichonacho. Sisi tunauliza kiko wapi.

#9 Babu wa Kihesa

Wanangu, marahaba kwa wote mtakaonisalimia.

Mimi nilikuwepo Kalenga mwaka 1954, fuvu liliporudishwa. Nilikuwa na miaka 7, baba alinibeba mabegani. Ilikuwa wakati wa baridi, watu wamejifunika mablanketi, na vumbi limepanda mpaka huoni. Twining, gavana wa Mwingereza, alikuja na kofia yake ya manyoya. Chifu Adam Sapi akapokea. Ninachokumbuka zaidi si hotuba. Ni wazee waliokaa chini kwa kundi, hawakushangilia kama sisi watoto. Walikaa kimya, wengine wameinamisha vichwa. Baba alisema nyumbani, "Leo Mtwa amerudi lakini hajafika." Nimeishi na maneno hayo miaka yote. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikaelewa alimaanisha bado kulikuwa na safari ya kutoka Kalenga kwenda Mlambalasi.

Kwa hiyo mjukuu wangu wa darasa la sita ameuliza swali ambalo baba yangu aliliuliza.

#10 Chumvi ya Ipogolo

Shikamoo babu. Hiyo "amerudi lakini hajafika" imenikaa.

#11 Mpita Njia Igawa

Naomba niulize bila kukosea heshima. Tuna uhakika gani kwamba fuvu la Kalenga ni lake? Nimesikia Twining alilichagua kwenye kabati.

#12 Mwalimu wa Mafinga

Mpita Njia, swali lako ni halali na limeulizwa na wengi kabla yako.

Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu cha 246. Kinaitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Fikiria, mkataba wa kumaliza vita ya dunia, na ndani yake kuna kichwa cha mtu wa Kalenga. Wajerumani wakajibu hawana habari nacho. Ikapita miaka zaidi ya 30. Mwaka 1953 Twining akaenda Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu kama 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka koloni letu. Wakayapima, wakatafuta yenye vipimo vinavyokaribiana na vya watu wa familia, na mojawapo likawa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililoletwa.

Mimi nasema ni lake. Vipimo, tundu, na familia kulipokea. Lakini nakiri kwamba ni ushahidi wa kukadiria.

#13 Mpita Njia Igawa

Na hilo tundu, Merkl mwenyewe aliripoti kwamba alifyatua risasi kwa mbali kabla hajajua kwamba Mkwawa amekwisha kufa. Sasa tundu ni la risasi ipi? Ya Mtwa mwenyewe au ya Merkl?

#14 Mwalimu wa Mafinga

Hapo umenishika. Zote mbili zinawezekana.

#15 Binti Nzihi

Mimi naona mnapotea. Hata likiwa la mtu mwingine, ni la mtu wetu. Kama 84 zilitoka huku, basi hata asipokuwa Mtwa ni babu wa mtu fulani, na amekaa kwenye kioo watu wakipita na simu zao. Mnaongelea paa, mimi naongelea udongo. Maiti hukaa udongoni.

#16 Ndaga Tukuyu

Ndaga fijo kwa uzi huu.

Naomba niongeze upande wa Rungwe. Kwetu kaburi la chifu halikuwa nyumba. Lilikuwa msitu. Machifu walizikwa na miti ikaachwa ikue, haikatwi, hata kuni huokoti. Ukitembea Rungwe ukaona kichaka cheusi kimesimama peke yake katikati ya migomba na chai, uliza kwanza kabla hujaingia. Lubaga, mahali pa Lwembe, mtawala mtakatifu wa Wanyakyusa, ni hivyo hivyo. Ukuta wake ni miti, paa ni majani, na linajikarabati lenyewe.

Ndiyo maana swali "kwa nini hatuna jengo" linanipa shida. Labda watu wa huku juu hawakuwahi kuona jengo kama heshima ya marehemu.

#17 Dada Makambako

Ndaga, sasa sikiliza hii. Kule Kasubi, lile pazia la magome alilotaja Mkinga, nyuma yake panaitwa Kibira. Maana yake msitu. Mfalme hasemwi amekufa, anasemwa ameingia msituni. Kwa hiyo Waganda wamejenga nyumba halafu ndani ya nyumba wakaweka msitu. Ninyi mmeweka msitu bila nyumba.

Na kuna jambo jingine ambalo nimesita kulisema. Kabla ya Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda alipofariki taya lake la chini lilitolewa, likapambwa na kuhifadhiwa kwenye nyumba yake maalumu, mwili ukazikwa mahali pengine. Mutesa ndiye wa kwanza kuzikwa mzima. Kwa hiyo kiongozi kuwa na sehemu mbili halikuwa jambo geni Afrika. Mtoto wa darasa la sita angeambiwa kule: zote mbili ni zake, moja ya mwili na moja ya sauti.

#18 Binti Nzihi

Dada yangu, taya lilitolewa na watu wake kwa heshima. Kichwa cha Mtwa kilikatwa na adui akakipeleka kwao. Usiyaweke kwenye kikapu kimoja.

#19 Dada Makambako

Sijayaweka kikapu kimoja. Nasema kwamba kilichovunjwa na adui kinaweza kupewa mpangilio na wenyewe. Hata hivyo nimekuelewa, na ninakubali kwamba uchungu ni tofauti.

#20 Dereva wa Tunduma

Mimi napita Lugalo kila wiki na lori. Pale kando ya barabara kuu kuna mnara wa Wajerumani waliouawa na jeshi la Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891, kamanda Zelewski na watu wake, yule aliyeitwa Nyundo. Aliyeshindwa vita ana mnara kwenye lami, kila basi linauona. Aliyeshinda, kaburi lake mpaka uulize njia. Kila nikipita pale huwa nawaza hili.

#21 Chumvi ya Ipogolo

Dereva umemaliza uzi.

#22 Kaka wa Gangilonga

Hajaumaliza. Kuna maelezo ambayo hamjayagusa, nayo ni siasa.

Kwanza, Twining hakurudisha fuvu kwa huruma tu. Mwaka 1953 na 1954 Kenya ilikuwa inawaka na Mau Mau, Mwingereza alihitaji Wahehe wamuone rafiki, na Wahehe walisifika kwa uaskari. Kwa hiyo akaleta fuvu na jengo la kulionyesha. Ukitaka watu waone ulichowafanyia, unajenga makumbusho. Kaburi lingefunika zawadi yake.

Pili, baada ya uhuru, sheria ya 1963 ilifuta uchifu. Serikali ya watu wote isingejenga jumba la kifalme la kabila moja. Linganisha na Uganda: walifuta falme 1967, wakazirudisha 1993. Kasubi ina mfalme aliye hai wa kuisimamia. Na msisahau Chifu Adam Sapi mwenyewe alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi, tangu 1962. Angeweza kusukuma jumba lijengwe. Hakusukuma. Naona alichagua nchi kuliko enzi, na namheshimu kwa hilo.

#23 Mzee Bakari wa Mwangata

Assalaam aleykum. Kijana #22, sababu ya Chifu Adam Sapi ni nyepesi kuliko hiyo. Familia ile ni Waislamu. Sisi kaburi halipandishwi, halijengewi kuba wala mapambo. Unarudi mchangani sawa na jirani yako.

#24 Kaka wa Gangilonga

Waaleykum salaam mzee wangu. Lakini Zanzibar na Kilwa kuna makaburi ya Waislamu yenye kuba na nguzo ndefu, ya karne nyingi.

#25 Mzee Bakari wa Mwangata

Yapo. Kuwepo kwake hakuyafanyi yawe mafundisho.

#26 Mwanafunzi wa Miamba

Nilishiriki mafunzo ya akiolojia, nimefika Mlambalasi mara tatu, niwaeleze mahali penyewe maana naona wengi wanapasema bila kupaona.

Ni kama kilomita 50 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Ruaha, kabla hujafika Idodi. Nchi inashuka, joto linaongezeka, unaanza kuona mibuyu. Kaburi liko chini, limejengewa. Juu yake kilima kina mawe makubwa yaliyoegemeana, na humo kuna pango la miamba. Watafiti wa Tanzania na wa chuo kikuu cha Alberta cha Kanada walichimba pale, wakapata zana za mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Na juu ya tabaka hizo, mabaki ya zama za chuma.

Yaani watu wamezika wapendwa wao kwenye mwamba ule tangu kabla hakujawa na Mhehe, Mbena wala Msangu. Nilipokaa pale chini ya jiwe mara ya kwanza niliwaza kwamba Mkwawa hakukosa jumba. Mwamba ule ndio jumba. Una paa, una ukuta, una ukumbi, na haujawahi kuvuja.

#27 Fundi Uyole

#26 umenipa kitu. Kama fundi nakubali. Jiwe la namna hiyo ukiliwekea jengo mbele yake unalitukana.

Ila Kalenga ni hadithi nyingine. Kalenga ndiyo ilikuwa mji. Ngome ya Lipuli ilikuwa na ukuta mrefu unaozunguka, na neno Iringa lenyewe linatokana na lilinga, ngome. Tom Prince, ofisa wa Kijerumani, alipojenga kituo chake juu ya kilima 1896 ndipo jina likahama na kupanda mlimani. Pale Kalenga mimi ningejenga tembe. Tembe kamili, kwa miti na udongo, kwa vipimo vya zamani, fuvu likae ndani kwenye giza, mtu ainame kuingia. Hakuna kioo chini ya taa. Na kila mwaka kata za Kalenga zipokezane kushindilia paa. Kazi ya kushindilia ndiyo ingekuwa kumbukumbu.

Halafu msinisahaulie Mbeya. Chifu Merere wa Wasangu naye alikuwa na ngome yenye ukuta.

#28 Kijana wa Frelimo

Merere huyo huyo sisi Wahehe tuliyemtoa Usangu akakimbilia Usafwa? Ndiyo maana mna Utengule mbili, fundi, moja ya kukaa na moja ya kukimbilia.

#29 Fundi Uyole

Na alirudi. Utani nimeupokea.

#30 Mwalimu wa Mafinga

Kijana, umkumbuke pia Mpangile, ndugu wa Mkwawa mwenyewe. Wajerumani walimweka awe mtawala mwishoni mwa 1896, Februari 1897 wakamnyonga. Hakuna anayeuliza kaburi lake. Tukianza kuchekana nani alikimbia na nani alishirikiana, tutafika nyumbani kwetu sote.

#31 Kijana wa Frelimo

Nimekubali mwalimu. Nisamehe fundi.

#32 Babu wa Kihesa

Fundi, wazo lako la tembe ni zuri, lakini lina swali. Sisi tuliamini masoka, roho za wazee, hukaa kwenye makaburi yao, na hapo ndipo watu walikwenda kuomba wakati wa ukame au ugonjwa. Ukijenga nyumba ya fuvu Kalenga, unawaambia wazee wakae Kalenga. Ukilipeleka Mlambalasi, unawaambia warudi kule. Hili si la fundi wala la serikali. Ni la ukoo.

#33 Binti Nzihi

Babu, ndicho ninachokisema tangu bandiko la 4. Lipelekwe Mlambalasi, lizikwe. Kwenye sanduku la Kalenga iwekwe picha.

#34 Dereva wa Tunduma

Na likizikwa, nani atalilinda porini? Mtu amekatwa kichwa mara moja. Mimi naogopa mara ya pili. Tena binti wa Mkinga asingelikuta fuvu pale Kalenga asingeuliza swali, na sisi tusingekuwa hapa.

#35 Mngoni wa Peramiho

Dereva ana hoja. Sisi tunaotafuta, tukikipata cha Nduna, nina hakika tutabishana hivi hivi. Nimehifadhi uzi huu.

#36 Mkinga wa Mlandege

Wakuu, nimesoma yote mara mbili, na mengine nimemsomea binti. Sasa nina majibu zaidi ya matano: vita, tembe, msitu, siasa, dini, mwamba. Binti amechagua la #26, la mwamba. Anataka aone kwa macho.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo nampeleka Mlambalasi. Tutapita Kalenga kwanza, halafu tuendelee, ili twende njia ile ambayo babu amesema haijakamilika. Nimepata gari dogo la jirani, nafasi mbili zipo. Mwanafunzi wa Miamba, kutoka barabara kuu kwenda kaburini gari dogo linafika?

#37 Mwanafunzi wa Miamba

Kiangazi linafika, mvua zikianza acha gari barabarani utembee. Chukueni maji mengi, na viatu vya kufunika vidole kama mtapanda mpaka pangoni, mawe yana miba katikati. Msiokote chochote, hata kigae kidogo. Kila kipande kina mahali pake.

#38 Babu wa Kihesa

Mkinga, nafasi moja ni yangu. Sijafika Mlambalasi tangu goti linisumbue. Nitakaa chini kwenye kivuli, ninyi mpande.

#39 Mkinga wa Mlandege

Babu, nitakupitia Kihesa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Binti atakaa mbele akuachie kiti cha nyuma unyooshe mguu.

#40 Binti Nzihi

Mimi nitawasubiri njiani hapa Nzihi. Nafasi ya pili mnishikie.